Figo Alizokula Karani

Jumamosi asubuhi, ukitaka kujua ni nani mzima na ni nani mgonjwa katika mji wa Thika, ulikwenda kusimama mbele ya bucha ya Gathogo pale sokoni. Wote walikuwapo: wapagazi wa stesheni, akina mama wa mashamba ya mkonge, wafanyakazi wa kiwanda cha mananasi wenye mikono iliyochubuka, na makarani waliopiga kaptura zao pasi mpaka mikunjo ikasimama. Walisukumana kwa heshima, kila mmoja akiapa kwamba alimtangulia mwenzake.

Ndila aliingia katikati ya msukumano huo akiwa amevaa gauni la samawati lenye mkanda mweupe kiunoni, viatu vya turubai alivyovipaka chokaa usiku wake, na kitambaa cha manjano alichokifunga kichwani kwa madaha. Mkononi alishika ndoo ya enameli yenye kifuniko. Alikuwa ametoka Ruiru kwa basi la kwanza, tena kwa shughuli ambayo hakuna mtu kwao Yatta angeiamini.

"Wewe wa ndoo," mwenye bucha akaita juu ya vichwa vya watu. "Nikupe nini?"

"Moyo wa ng'ombe, ratili mbili. Nyama ya paja isiyo na mafuta mengi. Na ini kidogo tu, kama kidole gumba. Lakini iwe ya leo."

"Ya leo? Dada, hii ng'ombe alfajiri ilikuwa bado inanitazama."

"Iko na muhuri?"

"Bwana Afya ameigonga muhuri mpaka imekuwa bluu. Njoo uone. Unapika nini hivyo, supu?"

"Sipiki. Italiwa mbichi."

Bibi mmoja aliyebeba kiondo alirudi nyuma akamkanyaga karani.

"Mbichi," Gathogo alisema polepole, kisu kikiwa hewani. "Na nani?"

"Yuko Ruiru. Ana macho ya kijani na masharubu, na hataki kungojeshwa."

"Ni mzungu gani huyo?"

"Ni paka."

Watu walicheka mpaka kulabu zikatikisika. Gathogo alicheka kuwazidi, na Ndila, ambaye alikuwa amejiandaa kumchukia, akajikuta anatazama meno yake. Alikuwa kijana mrefu mwenye mabega mapana, aproni yake nyeupe pale ambapo aproni ya bucha inaweza kuwa nyeupe, na kucha zake zilikuwa safi. Ndila alikuwa mtu wa kuangalia kucha. Gathogo aliushika ule moyo wa ng'ombe kwa namna ya kuuheshimu, akautoa mishipa na utando, akaufunga kwenye jani la mgomba kabla ya kuutia kwenye ndoo.

"Huyo mkubwa wako anaitwaje?"

"Sisi jikoni tunamwita Karani, kwa vile anavyokaa amekunja mikono akingoja wengine wafanye kazi. Memsaab ana jina lake la Kizungu, lakini hata paka mwenyewe haliitikii."

"Mwambie Karani anisalimie. Na aseme kama nyama imemfaa."

"Na kama haikumfaa?"

"Nitakuja Ruiru nimwombe radhi, kama wataniandikia karatasi ya kusafiri."

Hapo watu walicheka kidogo tu. Hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni ilikuwa bado haijaondolewa, na Mkikuyu hakutoka mjini bila karatasi ya ruhusa. Lakini Gathogo alilisema lile neno kama mtu anayetaja mvua, akamwita mteja mwingine. Ndila alipanda basi la kurudi akiwa anatabasamu peke yake, ndoo mapajani, na abiria wa pembeni akamuuliza kama amebeba maziwa.

Afadhali niieleze habari ya huyu paka sasa, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini msichana mwenye akili zake alisafiri kila Jumatano na kila Jumamosi kwa ajili ya moyo wa ng'ombe. Memsaab alikuwa mjane mwenye shamba la kahawa nje kidogo ya Ruiru, mwanamke mwembamba asiyesikia vizuri na asiye na mtu mwingine duniani. Kwa miaka mingi alimlisha paka wake uji wa maziwa na samaki wa mkebe. Paka akanyonyoka manyoya, akawa anatapika kwenye mazulia. Ndipo mgeni mmoja mfuga paka kutoka Nairobi akamwambia kwamba mnyama yule Mungu alimpa meno ya kula nyama, tena mbichi, na mifupa yake ndani.

Kazi hiyo ikamwangukia Ndila. Aliukata moyo vipande vidogo vidogo, akasaga shingo za kuku na mifupa yake kwenye mashine ya mkono iliyofungwa pembeni mwa meza, akatia ini kile kipande kidogo tu, kwa sababu ini likizidi ni balaa, kisha kiini cha yai na tone la mafuta ya samaki. Chakula chenyewe hakikuguswa na moto hata kidogo. Mfupa mbichi paka huutafuna ukavunjika salama, lakini ukipikwa hupasuka vijiti vya kutoboa tumbo. Bakuli alilitia kwanza ndani ya maji ya vuguvugu, kwa maana Karani alidharau chakula cha baridi. Na kwa kuwa nyama haikupikwa, ilibidi iwe imechinjwa siku ileile. Bucha ya karibu na shamba iliuza nyama ya jana na ya juzi, na mwenyewe hakuona haya kusema hivyo. Ya Gathogo ilitoka machinjioni alfajiri.

Miezi miwili haikupita kabla Karani hajawa paka mwingine, mzito, anayeng'aa, mwenye kutembea kwenye veranda kama mwenye shamba. Ndila alimpenda. Alijifanya hampendi, akimwita mvivu na mwizi, lakini paka alipomlalia miguuni hakuthubutu hata kuinuka kuzima jiko.

Na Gathogo je? Gathogo alianza kupiga simu.

Karibu na bucha lilikuwapo duka la vitambaa la Mhindi mmoja mzee, mtu asiyetia nyama kinywani lakini aliyependa sana hadithi za watu. Alikuwa na simu, na alimruhusu Gathogo kuitumia mradi azungumze karibu naye asikie. Kule Ruiru, simu ya Memsaab iligawana laini moja na mashamba mengine manne. Kila nyumba ilikuwa na mlio wake, na kwa Memsaab ni mlio mrefu mmoja na mifupi miwili. Lakini mlio ulisikika kila mahali, na mtu yeyote mwenye muda wa kupoteza aliweza kuinua mkono wa simu yake akasikiliza. Mwenye muda kuliko wote alikuwa Muigai, mpishi wa shamba la jirani.

"Haloo, Ruiru? Naomba kuongea na Mama Paka."

"Mama Paka yuko kazini. Acha maneno yako hapa."

"Mwambie Jumamosi kutakuwa na ndama."

"Na wewe utakuwepo?"

"Mimi ni wa kwenda wapi? Niko hapa na kisu changu, nangojea mtu na ndoo."

"Watu wenye ndoo ni wengi Thika, Bwana Kisu."

"Wako wengi. Lakini mwenye kitambaa cha manjano ni mmoja."

Ndila alikata simu mashavu yakiwa yamemwaka, akasikia mtu mwingine naye akirudisha mkono wa simu taratibu. Hakujali. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, alijitegemea, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alifurahia kufua nguo za kusafiria.

Jumapili moja walikwenda pamoja maporomoko ya Chania, palepale Thika. Gathogo alivaa suruali ya kijivu, shati jeupe na kofia aliyoivua kila mara ilipobidi na isipobidi. Hoteli ya wazungu iliyokuwa pale juu, watu wa rangi yao hawakuingia isipokuwa wamebeba sinia, basi walisimama darajani wakala ndizi, maji yakinguruma chini na mvuke ukimlowesha Ndila nyusi.

"Ndila," Gathogo alisema, akikunja kofia yake mpaka Ndila akaihurumia. "Kile kitu huwa nakufungia pembeni. Unakipenda?"

Alikuwa anasema kuhusu figo. Kila mara alipompimia nyama, mwishoni alitoa kifungu kingine kidogo cha jani la mgomba, figo mbili nyekundu zilizochambuliwa utando na mafuta, akakiweka juu kabisa ya ndoo na kusema tu, "Na hii juu yangu." Wateja waliokuwa karibu hugusana viwiko. Ndila alidhani ni nyongeza, maana mteja mzuri hupewa nyongeza.

"Sana!" alimjibu. "Hakibaki hata kipande."

Gathogo alishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. Siku hiyo yote aliimba nyimbo za kanisani kwa sauti mbaya, akamsindikiza Ndila mpaka kituo cha basi, akamshika mkono kwa muda mrefu kuliko salamu inavyohitaji. Lakini hakusema neno, na Ndila alirudi Ruiru akijiuliza anangoja nini huyu mwanamume.

Jambo liliharibika Alhamisi, mchana, kwenye simu.

"Haloo, Mama Paka. Zile figo za jana umezionaje? Zilikuwa za ndama. Mzee mmoja alitaka kunipigania, nikamwambia hizi ziko na mwenyewe."

"Ai, Gathogo! Hata sikuwahi kuzikata. Karani aliruka mezani akazila nikiwa nimezishika, akamaliza akaanza kulamba vidole vyangu. Tangu uanze kumwekea figo amenona! Memsaab mwenyewe anashangaa."

Upande wa pili kukawa kimya.

"Haloo? Gathogo?"

"Paka," Gathogo alisema.

"Ndiyo, paka. Kwani nani?"

"Zote? Hata zile za kwanza kabisa?"

"Zote. Kwani kuna shida?"

Hapo katikati ya laini mtu akapasuka kicheko, kicheko kinene cha tumbo, na kikafuatwa na mlio wa sufuria iliyoanguka sakafuni.

"Muigai! Toka kwenye simu!" Ndila alipiga kelele.

"Naangalia tu kama inafanya kazi, dada yangu," Muigai alijibu akikosa pumzi. "Woi! Paka! Gathogo wa Thika kumbe analisha paka!"

Simu ya Thika ikakatwa.

Ndila alibaki ameshika mkono wa simu, hajui amesema nini kibaya. Na huyo Muigai, ambaye siku yake ya mapumziko ilikuwa Ijumaa, hakulala siku hiyo. Alichukua karatasi yake ya ruhusa akaenda Thika, akapita kinyozi, akapita hotelini kwa chai, akapita stesheni, na kila alipokaa alianza kwa kusema kwamba yeye si mtu wa kusengenya.

Jumamosi Ndila alipofika sokoni, mtu fulani kwenye foleni alilia kama paka. Wengine wakainamisha nyuso. Gathogo hakuinua macho.

"Dada, unataka ratili ngapi?"

Dada! Neno hilo la heshima lilimchoma Ndila kuliko tusi. Alitaja alichotaka, akapimiwa, nyama ikafungwa kwenye gazeti kama ya mtu yeyote. Alisubiri. Hakuna kifungu kingine kilichotoka.

"Leo hakuna figo?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Foleni nzima ikalipuka kwa kicheko. Karani mmoja wa kiwandani alilazimika kushikilia nguzo.

"Zimekwisha," Gathogo alisema, na masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi. "Mwambie paka wako pole. Mwingine!"

Ndila alitoka pale na ndoo yake akiwa amekaza shingo, akahakikisha hakuna anayemwona akilia mpaka alipoketi ndani ya basi na kugeukia dirishani. Jioni ile aliliacha bakuli la Karani kwenye maji ya moto muda mrefu akiwa na mawazo, nyama ikaiva pembeni ikageuka kijivu. Karani alinusa, akamtazama kwa huzuni, akaenda zake.

Alipiga simu Thika. Mhindi mzee akapokea.

"Gathogo anasema hayupo," akamwambia.

"Yuko wapi?"

"Yuko hapa mbele yangu, binti. Anasema hayupo."

Wiki hiyohiyo Memsaab alimwita sebuleni. Kiswahili cha Memsaab kilikuwa cha walowezi, hakikujua ngeli wala adabu, lakini siku hiyo kilikuwa wazi vya kutosha. "Ndila, shamba kwisha uza. Mwisho ya mwezi mimi nakwenda Malindi, kaa huko. Wewe nakuja na Karani. Hapana mtu ingine juwa kulisha yeye. Mimi nataka jibu upesi."

Malindi! Mbali na kwao, mbali na Thika, labda kwa miaka yote. Mshahara ungepanda, chumba kingekuwa kizuri zaidi. Ndila alimwomba Memsaab ampe siku chache, akarudi jikoni akakaa juu ya debe. Nitasema kweli: kama Gathogo angemwambia neno moja tu, lolote, hiyo Malindi isingemchukua hata dakika kuikataa. Lakini mwanamume aliyejificha nyuma ya Mhindi hangeweza kungojewa milele. Asubuhi yake alikwisha kuamua kwamba atakwenda.

Aliyemzuia ni Mama Gachanja, mwanamke wa makamo aliyechuma kahawa shambani na kuleta mayai jikoni. Siku hiyo aliketi kizingitini kupumzisha miguu, akamtazama Ndila anavyokata moyo wa ng'ombe kwa hasira.

"Mwanangu, huyo ng'ombe alishakufa. Usimuue tena."

"Naenda Malindi, mama."

"Na Gathogo?"

"Gathogo amenichoka. Sijui nimemkosea nini, na hataki kusema."

"Hujui?" Mama Gachanja aliweka kikapu cha mayai chini. "Wewe hujui kweli? Ngai! Mimi nilidhani umemkataa kwa dharau. Thika yote inasema hivyo, msichana wa Kikamba ametukana kijana wa watu mpaka akalisha paka posa yake."

"Posa gani?"

"Figo, mwanangu! Huko kwetu Gatundu mbuzi akichinjwa figo ni za wasichana. Mwanamume haruhusiwi hata kuionja. Sasa mwanamume mzima, mwenye bucha yake, akukatie figo kila wiki, azichambue, azifunge peke yake, akukabidhi mbele ya watu, wewe unafikiri anakupimia chakula ya paka? Huyo kijana alikuwa anasema mbele ya soko yote kwamba amekuchagua. Na wewe ukirudi na ndoo bila kukataa, watu walijua umekubali."

Kisu kilimwanguka Ndila. Baba yake alikuwa mwinjilisti, na nyumbani kwao Yatta alipiga marufuku habari zote za kugawa nyama kwa desturi za zamani. Mbuzi akichinjwa, kila kitu kiliingia chungu kimoja na kila mtu alichota alichopata. Ndila alikua bila kujua kwamba kiungo cha mnyama kinaweza kuwa na ujumbe.

"Nilimpa paka," alisema. "Mama, nilimpa paka zote."

"Ulimpa."

"Na Gathogo akaniuliza kama nazipenda, nikamwambia hakibaki kipande!"

Mama Gachanja alijaribu kuhuzunika lakini alishindwa. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa leso, na Karani, aliyekuwa dirishani, akafumbua jicho moja. Ndila aliona aibu mpaka akafunika uso. Kisha ndani ya ile aibu furaha ikaanza kupenya, maana alipendwa, alipendwa kwa miezi, tena mbele ya watu! Na baada ya furaha, hasira ikaja ikavipita vyote.

"Na mdomo wake?" aliuliza akisimama. "Mdomo wake una kazi gani?"

"Wanaume wetu, mwanangu..."

"Wacha, mama. Jumamosi nakwenda Thika."

Ilikuwa Julai, na baridi ya Julai unaijua. Ndila alivaa gauni la kijani lenye kola nyeupe, hereni ndogo, na sweta nyeupe ya sufu aliyojinunulia Krismasi na kuivaa mara moja tu. Ndoo hakubeba. Alipotokea mbele ya bucha watu walimfungulia njia wenyewe, na safari hii hakuna aliyelia kama paka. Alivua sweta, akailaza juu ya meza ya kuuzia, akashika kiuno.

"Gathogo, nitazame."

Gathogo alimtazama. Alikuwa amekonda kidogo, na Ndila alifurahi kuona hivyo.

"Nimekuja kukuomba radhi," Ndila alisema, na sauti yake ilifika mpaka kwa wauza viazi. "Ulinipa kitu changu mimi, nikampa paka. Sikujua maana yake. Kwetu baba yangu ni mwinjilisti, figo na utumbo vyote ni mchuzi. Hakuna mtu alinifundisha. Sikukudharau, na kama ningejua ningezila hata hapo mbichi. Pole sana."

Mnong'ono ulipita kwenye foleni. Uso wa Gathogo ulianza kulainika.

"Hukujua?"

"Sikujua. Hilo ni kosa langu, nimelimaliza. Sasa tuje kwa lako."

"Langu? Mimi nimekosa nini?"

"Umenifungia nyama kwenye majani miezi hii yote na mdomo umeufunga nayo. Bibi huyu alijua. Yule karani alijua. Mhindi wako alijua. Muigai wa jikoni alijua! Thika nzima imeambiwa, Gathogo. Mimi peke yangu ndiye bado sijaambiwa."

Gathogo aliitupia jicho ile foleni.

"Niseme hapa?" Gathogo alinong'ona. "Na watu wote hawa?"

"Waliponicheka walinichekea hapa."

"Ndila, mimi si mtu wa maneno."

"Wewe? Wewe unayemwambia kila mama kwamba kongoro ya leo ilikuwa bado inatembea?"

"Hiyo ni biashara!"

"Basi." Ndila alivuta pumzi, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile sauti yake ilitetemeka. "Memsaab ameuza shamba. Mwisho wa mwezi anahamia Malindi na anataka niende naye. Leo nikirudi nitampa jibu. Nilikuja nijue nitampa jibu gani."

Gathogo aliweka kisu chini. Alizunguka meza, akatoka kwa upande wa wateja, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akifanya siku ya soko. Alijifuta mikono polepole, kidole baada ya kidole, akatafuta maneno usoni mwa Ndila.

"Nakupenda," alisema. "Tangu ile siku uliniuliza kama nyama iko na muhuri. Nilijiambia, huyu msichana atanisumbua maisha yangu yote, na nikatamani sana anisumbue. Nilipoambiwa paka ndiye alikuwa anakula, niliona nimekuwa mjinga mbele ya mji, ndio sababu nilijificha. Nilikosea. Usiende Malindi, mpenzi wangu. Nataka nikuoe. Nitaomba karatasi nifike kwa baba yako Yatta hata kama itabidi nilale mlangoni kwa D.O. anayeziandika, kama atamkubali Mkikuyu wa bucha."

"Atakuuliza kama umeokoka. Halafu atakuuliza kama mizani yako ni ya kweli."

"Na wewe? Wewe unasemaje?"

Ndila alikuwa amepanga, tangu ndani ya basi, kumngojesha hata kidogo. Angesema atafikiria, angerudi Jumatano. Lakini mdomo wake haukumngoja.

"Nasema ndiyo."

Soko likapiga vigelegele. Bibi mwenye kiondo akamkumbatia karani asiyemjua, na Mhindi mzee, aliyekuwa amesimama mlangoni kwake na futi ya kupimia shingoni, akaanza kumweleza mteja hadithi yote tangu mwanzo.

"Lakini paka?" Gathogo aliuliza. "Huyo Karani nani atamlisha?"

"Memsaab. Nitamfundisha kukata moyo na kusaga shingo za kuku mwenyewe, tuna wiki mbili. Ana mikono." Macho ya Ndila yalilowa kidogo, maana alijua asubuhi ya kuondoka kwa yule mvivu itakuwa ngumu. "Nitamlilia, ujue. Nitamlilia sana na usinicheke."

"Sitacheka. Kwa huyo paka siwezi kucheka."

Alimshika mkono, na ndipo Ndila alipotazama chini, kwenye kile kitambaa ambacho Gathogo alikuwa anajifutia damu muda wote ule akitafuta maneno.

"Gathogo. Hiyo ni sweta yangu."

Gathogo aliiinua. Ilikuwa nyeupe kwenye mkono mmoja tu. "Woi! Nitakununulia nyingine! Leo hii!"

"Hapana," Ndila alisema, akicheka na machozi bado yapo. "Utaifua. Uanze kuzoea."